Somo la Sabini na Tatu

Jumamosi alasiri, mtihani wa hisabati wa kidato cha nne ukiwa umebakisha Jumapili tu, Saada Ngwali alikuwa amepiga magoti katika kiduka chake cha ushoni pale Wete, Pemba, pini tatu mdomoni, akipima pindo la baibui la Bi Mize. Bi Mize alikuwa amerudi umra wiki ile, na kama alivyo kila aliyetoka Makka, hakuwa na hadithi nyingine. Saada alimwitikia kwa "mmh" na "mashaallah", maana mwenye pini mdomoni hana nafasi ya maneno mengi.

"Bega hili mwanangu usilibane," Bi Mize alisema, akijishika bega la kushoto. "Nnalisikia mpaka leo. Al-Kaaba iko hapa, ubavu huu wa kushoto, na kila mtu ataka kupenya ende karibu yake. Basi wote wanipitia mie begani. Mizunguko saba, wanisukuma tu!"

Saada alizitoa pini mdomoni, moja moja.

"Kushoto, Bi Mize?"

"Kushoto, ndiyo. Mwenye kutufu huiweka Al-Kaaba kushoto kwake, mwanzo mpaka mwisho. Kwani weye chuoni, kwenye Kurani, hukufunzwa?"

Saada aliinuka, akachukua kigurudumu cha uzi mweupe akakisimamisha katikati ya meza ya kukatia nguo. Akaweka kidole chake pembeni ya ule uzi kana kwamba kidole ni mtu, uzi ukiwa kushoto kwa huyo mtu, akakitembeza. Kidole kilikwenda kinyume na mishale ya saa. Akarudia. Kikaenda kule kule. Mara ya tatu akauachia uzi ukabiringika mpaka sakafuni.

"Una nini, Saada? Umeingiliwa na homa?" Bi Mize aliuliza.

"Nimewapoteza watoto wa watu," Saada alisema.

Sasa ili ujue kwa nini kigurudumu cha uzi kimtoe mtu mzima jasho, yakupasa umjue Saada mwenyewe, na umjue vizuri, kwa sababu watu wengi pale Wete wanamwona fundi cherehani tu na hapo wanakomea.

Alizaliwa Pujini, nyumba ya wakulima wa mpunga. Alipofika kidato cha pili mwalimu wao wa hisabati alihamishwa, na mwalimu mwingine aliahidiwa. Ahadi ile, kwa ninavyojua, iko njiani mpaka hii leo. Kidato cha nne Saada alipata F ya hisabati, na darasa zima karibu lilipata hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Akaolewa Wete, akajifunza kushona, akazaa watoto wawili, na hisabati akaiweka mahali watu wanapoweka mambo wasiyotaka kuyakumbuka.

Kilichomrudisha ni sketi. Mteja alitaka sketi ya duara kamili, ile inayofunguka mtu akigeuka, na Saada aliharibu vitambaa viwili kwa sababu kiuno kilitoka kikubwa. Akaingia mtandaoni kwenye simu, akamwona mwanamke mmoja wa nchi za mbali akisema: chukua kipimo cha kiuno, gawa kwa sita nukta ishirini na nane, hapo utapata urefu wa kukatia. Saada akagawa, akakata, sketi ikakaa kama ilivyotakiwa. Mafundi wengine wangeishia hapo. Yeye alikosa raha. Sita nukta ishirini na nane imetoka wapi? Nani kaiweka? Aliuliza mtandaoni, na mtandao ukamtupa kwa bwana mmoja asiyeonesha sura, mkono wake tu ukiandika kwa rangi juu ya ubao mweusi, akieleza duara.

Alimfuata bwana yule miaka miwili. Masomo yalikuwa ya bure, yamepangwa kwa utaratibu wa skuli za kwao: algebra ya kwanza, kisha jiometri, kisha algebra ya pili, kisha pembetatu na mambo yake. Yote kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kukimbia. Saada aliweka simu juu ya cherehani, akisikiliza somo moja mara tano, mara saba, mara tisa, huku anashona sare za watoto. Akiishiwa na bando alirudia kwa kichwa. Alipofika umri wa miaka thelathini na moja alijiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akakaa chumba kimoja na watoto waliomwamkia shikamoo, akapata B. Siku ya matokeo alilia mpaka mumewe Haroub akadhani amefiwa.

Hapo ndipo Yumna, binti wa dada yake, alipomwomba amweleze milinganyo. Yumna anasoma skuli ya upande wa Mgogoni. Saada alikuwa na nguo za harusi za watu, hakuwa na nafasi ya kwenda, akamrekodia sauti ya dakika tano kwa simu. Alisema kwa Kipemba, kama anavyozungumza jikoni. Yumna aliisikiliza, akafahamu, akawapelekea wenzake. Wenzake wakawapelekea wenzao. Kwa maana hisabati yetu hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hukaa darasani wakiitika "yes" kwa heshima tu. Kwa mara ya kwanza walisikia mtu akisema "iksi ni kitu tusichokijua, basi, msiogope", na wakaacha kuogopa.

Akaendelea. Kila somo aliliandika namba, na kila somo lilianza vile vile: "Asalaam aleikum, mie Saada fundi, niko Wete, namba yangu ni hii hapa kwa atakayekwama." Yalifika masomo mia na kumi na nane. Makundi yake ya WhatsApp yalikuwa matatu, yote yamejaa. Na siri ya masomo yale, kama ni siri, ilikuwa mifano. Bwana wa ubao mweusi alikuwa na treni mbili zinazoondoka miji miwili, alikuwa na theluji, alikuwa na mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Saada aliivua mifano ile nguo za ugenini akaivisha za Pemba. Treni zikawa gari mbili, moja yatoka Wete moja yatoka Chake. Theluji ikawa karafuu zinazokauka juu ya jamvi. Hakuna mfano uliomshinda.

Somo la sabini na tatu lilikuwa la mwelekeo, lile ambalo vitabuni huitwa "bearing". Bwana alisema: anza kaskazini, zunguka kama inavyozunguka mishale ya saa, hesabu digrii. Kaskazini ilikuwa rahisi. Sisi wa Pemba Makka tunayo kaskazini sawasawa, na hakuna mtoto asiyejua kibla kiko wapi hata ukimzungusha amefumba macho. Lakini mishale ya saa ilimpa tabu. Saa za watoto wa leo ziko ndani ya simu, namba tupu, hazina mshale. Saada akafikiri kitu gani kinazunguka na kila mtoto anakijua. Akapata, na alipopata alifurahi peke yake hata akapiga kofi.

"Simameni muelekee kibla," alirekodi. "Hapo ndipo sifuri. Kisha mzunguke wanavyozunguka mahujaji. Mkifika mlikoanza, mmemaliza digrii mia tatu na sitini."

Yeye kichwani mwake mahujaji walizunguka kuelekea kulia. Kwani jambo gani la kheri haliendi kulia? Tunakula kwa kulia, tunaingia msikitini kwa kulia, tunavaa nguo kwa kuanza kulia. Aliwahi kuona Makka kwenye televisheni mara mia, lakini nani anayetazama Al-Kaaba akakaa kupima pembe? Na mfano aliotoa ulikuwa mmoja tu: mtu anatoka Wete kwenda Chake, tuseme kusini moja kwa moja, digrii mia na themanini. Ukizunguka kulia ni mia na themanini. Ukizunguka kushoto ni mia na themanini. Kosa lilijificha pale pale mbele ya macho yake, na lilikaa miezi minane.

Bi Mize aliondoka na baibui lake likiwa na pini za upande mmoja. Saada aliketi, akafungua simu, akaandika kwenye makundi yote matatu: "Ukielekea kibla, mashariki ni digrii ngapi? Jibuni haraka, msiulizane."

Majibu yakaanza kushuka. Tisini. Mia mbili na sabini. Mia mbili na sabini. Tisini. Tisini. Mia mbili na sabini. Alihesabu majibu ishirini na sita: kumi na tano sawa, kumi na moja kinyume.

Hili lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Angekuta wote wamekosea, dawa ingekuwa neno moja: geuzeni. Lakini wapo waliosikia "mahujaji" wakafikiri kulia kama yeye, na wapo waliowatazama mahujaji kwenye televisheni kwa macho yao wakawafuata sawasawa. Ukisema "geuzeni", unawaponya hawa unawaua wale. Alikaa akifikiri maneno, kisha akarekodi somo jipya, fupi, la dakika moja: "Ni kulia. Muanze kibla, mgeuke kwa mkono wa kulia. Mahujaji waacheni, mie nilikosea. Wapelekeeni wote." Akalipeleka.

Akatazama zile alama za chini, zinazoonesha ujumbe umefika. Katika kila kundi ilikuwa moja tu, ya kijivu. Haikugeuka kuwa mbili. Alipokumbuka kwa nini, alijishika kichwa. Watahiniwa wengi walikuwa kambini. Skuli huwakusanya wiki mbili kabla ya mtihani, wakala na kulala na kusoma pamoja, na simu zote huchukuliwa zikafungiwa kabatini. Wale walioweza kumsikia walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa wamekaa na sauti yake ya zamani vichwani.

Alipiga simu kambi alizozijua. Mwalimu mmoja alishukuru akaandika. Mwingine alisema kwao hawakutumia masomo ya mitandaoni, alhamdulillah, na akakata. Wa tatu alikuwa Mwalimu Himid wa kambi ya Mgogoni, alikokuwa Yumna na wenzake sitini na wanne.

"Bi Saada," Mwalimu Himid alisema baada ya kumsikiliza, "watoto wangu nimeshawafunga. Leo hawatiwi kitu kipya kichwani."

"Si kitu kipya Mwalimu, ni kosa la zamani."

"Ndo baya zaidi. Mtihani keshokutwa, uwambie walichokishika si sawa? Watatilia shaka na yaliyo sawa. La, Bi Saada. Swala njema."

Saada alishona mpaka magharibi bila kujua anashona nini. Asubuhi ya Jumapili, Haroub akiwa bado anakunywa chai, alichukua bodaboda akaenda Mgogoni.

Mwalimu Himid alimkuta langoni. Alikuwa mtu wa historia, si wa hisabati. Hisabati alipewa kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na mwanzo wa mwaka alisema hadharani, mbele ya wazazi, kwamba siku skuli yake itakapofundishwa na fundi cherehani, yeye ataomba kustaafu. Hakustaafu. Mwezi wa tano aliazima spika ya msikitini, akaiunga na simu yake, akawasikilizisha watoto sauti za Saada moja baada ya moja. Wote wawili walilijua hilo, na pale langoni hakuna aliyelitaja.

"Nilikwambia jana," alisema.

"Ulinambia. Nami nimekuja kukuomba ana kwa ana."

"Bi Saada, somo hilo alama zake ngapi? Sita? Kumi? Waache. Mie nna watoto hapa wakisikia neno moja la kuwatisha wanatapika. Juzi mmoja kazimia kwa ajili ya kemia."

"Na una watoto hapa, Mwalimu, wanaongojea alama thelathini tu wasipate F. Nawajua mmoja mmoja, wananiuliza maswali usiku na mchana. Kwa hao, alama sita ni mtihani mzima. Mie nilipata F, najua inakaa vipi nyumbani. Inakaa miaka."

Mwalimu Himid alitazama chini. "Na wakiwa wote wameshika sawa? Uje uwavuruge bure?"

"Usiniache niwaeleze kitu. Wapange uwanjani, waelekee kibla, wafumbe macho. Nitasema neno moja, 'tisini', wageuke. Wakiwa wote wamegeukia mawio, narudi kushona na hutoniona tena hapa. Dakika tano."

Mwalimu Himid alizungusha funguo kidoleni. Ndani ya darasa watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, kila mmoja na lake. Mwishowe aligeuka akapiga kengele.

Walitoka sitini na tano, wasichana mbele, wavulana nyuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Yumna alipomwona mama yake mdogo alitaka kumkimbilia, Saada akamzuia kwa mkono. Walijipanga bila kuelekezwa, kibla kila mtu anakijua. Mwalimu Himid alisimama mbele ya safu, naye ameelekea huko huko, akafumba macho na yeye, nadhani kwa mazoea ya kuongoza.

"Shikeni somo la sabini na tatu," Saada alisema. "Mtu anageuka digrii tisini. Geukeni!"

Viatu vilikwaruza mchanga.

"Fungueni macho."

Watoto walifungua macho, wengi wakajikuta wanatazamana uso kwa uso. Karibu nusu yao walikuwa wameelekea mawio, nusu machweo. Wengine walicheka. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu waliona Saada hacheki, na kila mmoja akaanza kutazama kushoto na kulia kuhesabu walio upande wake, kana kwamba wingi ungemwokoa. Yumna alikuwa ameelekea machweo. Na Mwalimu Himid, mbele ya safu yote, alikuwa ameelekea machweo vile vile. Aliitazama miguu yake, akairudisha taratibu.

"Wallahi," alisema kwa sauti ya chini, "na mie ndo niliyewasikilizisha."

Saada aliwapandia ngazi ya darasa wamwone.

"Nisikilizeni, na msiogope. Walioelekea mawio wako sawa. Walioelekea machweo hawakukosea wao, nimekosea mie. Niliwafundisha kitu nisichokihakikisha. Digrii inahesabiwa kwa kulia. Mkono mnaolia wali, basi. Hakuna jingine la kukumbuka."

Mvulana mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, kwani mahujaji ndo wamekosea?"

"Hasha!" Saada aliruka hata akakaribia kuanguka ngazini. "Astaghfirullah, mahujaji wako sawa, na wataendelea kuwa sawa mpaka kiyama. Wao wanafuata ibada. Sie tunafuata kitabu cha hisabati. Mie ndiye niliyechanganya viwili hivi, na dhambi ni yangu."

Aliwageuza mara thelathini. Tisini, arobaini na tano, mia mbili na sabini, tisini tena. Walioshika kushoto miili yao ilikataa mwanzo. Kuna msichana aliyeanza kulia kwa sababu mguu ulikwenda wenyewe upande wa zamani kila mara, na Mwalimu Himid akamfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kisha akakumbuka kwamba uzi hauruhusiwi ndani ya chumba cha mtihani akaufungua, akamwambia aushike wali tu akilini. Kufikia adhuhuri hapakuwa na hata mmoja aliyeelekea machweo. Mwalimu Himid alimsindikiza Saada mpaka barabarani. Alitaka kusema kitu. Alisema tu, "Fika salama, Mwalimu." Hakuwahi kumwita hivyo.

Jumatatu saa mbili asubuhi mtihani ulianza. Saada hakuweza kushona. Alifagia duka mara mbili. Saa tano na robo Yumna alipiga kwa simu ya mlinzi, akipiga kelele: "Mama mdogo, limetoka! Meli imetoka bandarini, digrii sitini! Nimekwenda kulia!" Saada alimwuliza na wenzake je. Wote, Yumna akasema, aliowauliza wote wamekwenda kulia. Saada alikaa kwenye kiti cha wateja, akamshukuru Mungu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akahisi njaa.

Alikuwa ameshaagiza chakula pale nje iliposhuka sauti kutoka namba asiyoijua.

"Asalaam aleikum, Mwalimu Saada. Mie Ruweida, niko Kojani. Hunijui. Mie sina skuli, niliacha nilipoolewa, nimeingia mtihani peke yangu mwaka huu, kama weye. Sauti zako nilitiliwa na binamu yangu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, zote mia na kumi na nane. Kisimu changu hakiingii mtandaoni, wala simo kwenye makundi, lakini nakusikiliza kila siku, nikipika, nikifua. Sikuwa na mwalimu mwingine. Leo nimeazima simu makusudi nikushukuru. Lile la meli limetoka! Wenzangu waliduwaa. Mie nikaelekea kibla moyoni, nikazunguka wanavyozunguka mahujaji, nikaichora. Sikusitasita hata kidogo. Mungu akujaalie na weye ufike Makka."

Saada aliisikiliza mara tatu. Kisha akachukua chaki ya fundi akaichora meli ile juu ya meza, kama Ruweida alivyoichora. Bandari hapa. Kibla huku. Digrii sitini, kushoto. Meli ilikwenda baharini upande usio wake, ikaendelea kwenda.

Angeweza kusema "amin" na kunyamaza. Mtihani umekwisha, karatasi zimeshafungwa, ukweli usingemwongezea mtu alama. Matokeo yangetoka mwakani, na Ruweida angejilaumu mwenyewe kama walivyojilaumu wote, kama alivyojilaumu Saada miaka kumi na tatu. Angerudia mtihani kwa kadi ile ile, sauti ile ile. Hilo ndilo lililomfanya abonyeze kitufe cha kurekodi.

"Ruweida, mwanangu. Ulichokifanya ndicho nilichokufundisha, na nilikufundisha kosa. Meli ilikuwa iende kulia. Umepoteza alama hizo kwa sababu yangu, si kwa sababu yako. Nisamehe. Nilitafuta kila mtu, sikukujua weye."

Alama zikawa mbili. Zikawa za buluu. Mama muuza chakula alileta wali akauweka juu ya meza, juu ya chaki, na Saada hakuugusa. Watu walipita njiani wakimsalimia, akaitika bila kuwaona. Ilipita nusu saa. Jibu lilipokuja halikuwa sauti, lilikuwa maandishi.

"Na yale mia na kumi na saba mengine, Mwalimu, yako sawa?"

Saada alianza kuandika "ndiyo". Aliandika herufi zote tano, akazitazama. Akazifuta moja moja, akaandika, "Sijui."